Karani wa Malori ya Barafu

Walisema sitaweza. Naanza hapo kwa sababu wengi waliosema bado wako hai, na wakisoma watajijua. Walisema mtoto wa mtaa wa Manyatta aliyerudia mtihani mara mbili hawezi kufika Uingereza, nikafika. Walisema nikifika nitaosha sahani mpaka nizeeke. Sahani niliziosha miaka mitatu, sikatai, lakini mchana nilikuwa darasani, na nilirudi na diploma ya kompyuta yenye muhuri mwekundu. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna harambee iliyofanywa kwa jina langu. Walisema Kisumu hakuna kazi ya karatasi kama hiyo. Na nilipoajiriwa na kampuni moja ya barafu na samaki karibu na makutano ya Mamboleo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, walitoa neno lao la mwisho: kwamba sitaifanya mashine ijue njia anazozijua Karani.

Niliiweza hiyo kazi. Nimeisimulia katika hotuba mbili za mahafali na mbele ya wanafunzi wengi. Habari za Karani mwenyewe sijawahi kuzisimulia.

Alikuwa karani wa kupanga malori. Kampuni ilikuwa na malori saba. Kila asubuhi yalipakia barafu, yakatawanyika kwenda kwenye bichi, ndivyo tunavyoita mahali mitumbwi inaposhusha samaki: Dunga, Asembo, Usenge, na upande wa pili wa ghuba mpaka Homa Bay na Mbita. Yalishusha barafu, yakapakia mbuta, yaani sangara, yakarudi kiwandani kabla barafu haijawa maji. Lori lipi liende wapi, lipitie wapi, lirudi kwa njia gani, yote hayo yalikaa katika kichwa cha mtu mmoja mwembamba aliyevaa shati jeupe, kifungo cha juu kimefungwa, bila tai. Ukutani nyuma ya kiti chake palikuwa na ramani. Alikuwa ameipa mgongo miaka kumi na minne.

Barabara hakuzipima kwa maili wala kwa kilomita. Alizipima kwa vidole vya barafu. Mche wa barafu ukitoka Mamboleo una unene fulani, na ukifika bichi umepungua. Asembo ilikuwa vidole vitatu. Usenge vidole vitano wakati wa kiangazi, saba wakati wa mvua, kwa sababu lori hukaa sana njiani. Dereva akirudi alinyoosha mkono dirishani kuonyesha vidole, na Karani akaitikia kwa kichwa, akajua kila kitu kuhusu siku ya dereva huyo.

Wala hakuuliza barabara ikoje. Aliuliza, "Umekutana na nani?"

"Nimekutana na mama za omena, Karani. Wanatembea na mizigo kichwani."

"Wakitoka wapi?"

"Upande wa Bondo."

"Basi pikapu yao ya dagaa haijapita. Kesho hamtumii hiyo njia."

Nilipoyasikia hayo mara ya kwanza nilicheka moyoni. Nilikuwa nimesoma. Nilidhani ni ushirikina wa wazee wa ofisi.

Madereva walimwogopa na wakamtania, yote kwa pamoja. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori la Usenge, mtu mnene mwenye mdomo, ambaye hakuweza kukaa kimya akiwa karibu naye. Siku moja alisema mbele yetu sote, "Karani, wewe ukioa, si utampangia bibi njia ya kwenda sokoni na kurudi?"

Karani hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Nilimpangia mmoja," akasema. "Ya kurudi sikumpangia."

Hakuna aliyecheka, hata dereva. Hiyo ndiyo habari pekee ya mke wake ambayo mtu yeyote pale kazini aliwahi kuipata.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Alijua nani ameoa wapi, bichi ipi imegombana na ipi kwa sababu ya nyavu, mwenye mtumbwi gani hauzi samaki kwa nani tangu msiba wa mwaka gani. Lakini yeye mwenyewe hakumtembelea mtu. Alikaa chumba kimoja Manyatta, nyumba ya nne kutoka kwa mama yangu, na nimekua nikimwona akipita bila kusimama. Nilipokuwa tayari mfanyakazi mwenzake niliingia kwake mara moja. Kiti kilikuwa kimoja, kikombe kimoja. Alinipa kiti akasimama ameegemea ukuta, akanimiminia chai nikanywa, kisha akakiosha kikombe akajimiminia. Tulizungumza namna hiyo, kwa zamu ya kikombe, na hakuonyesha kama kuna kitu kilichopungua.

Jumapili alivaa shati lile lile jeupe akaenda kanisani, akasimama nje kwenye dirisha la mwisho. Aliimba nyimbo zote kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kwa nini haingii.

"Ndani wanasema umsalimie jirani wako wa kulia na wa kushoto," akasema.

"Si ni salamu tu, Mzee?"

"Ukimsalimia leo, Jumapili ijayo atauliza ulikuwa wapi."

Mimi aliniita Jasomo, yaani msomi. Sikujua kama ni heshima au kejeli. Nililichukua kama heshima, kwa sababu nilistahili.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Meneja alituita wote wawili ofisini kwake siku moja, akasema bila kuzunguka. Amenunua kompyuta. Nitaandika programu ya kupanga malori. Ikipanga mwezi mzima bila kosa, kampuni haitahitaji kulipa watu wawili kwa kazi moja. Alipokuwa akisema alimtazama Karani, si mimi.

Karani alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Kama angeondoka kabla, angeondoka mikono mitupu. Na kwao Usenge hakuwa amejenga. Kwetu sisi, mwanamume mzee asiye na nyumba yake mwenyewe nyumbani kwao ni kama mtu aliyesimama mlangoni maisha yote, hata mahali pa kumlaza akifa huwa ni maneno. Alikuwa akingojea malipo ya kustaafu ajenge. Jambo hilo kila mtu pale ofisini alilijua, na mimi nililijua.

Nilidhani atanificha njia. Kesho yake alivuta kiti chake akakileta mbele ya kompyuta yangu, akakaa, akasema, "Uliza."

Niliuliza wiki nzima. Siku ya tatu sikuweza kujizuia, nikamwambia, "Mzee, unajua hii kazi ikiisha ni nini kinafuata."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Miaka kumi na minne wananiuliza lori liende wapi. Hakuna mtu amewahi kuuliza najuaje."

Nilichokuwa nakiunda kinaitwa grafu. Si ile ya shule yenye mstari unaopanda na kushuka. Hii ni ya wanahesabu: una nukta, na una mistari inayounganisha nukta na nukta. Nukta zangu zilikuwa bichi na makutano ya barabara, arobaini na moja kwa jumla. Mistari ilikuwa njia. Niliiandika kwa C++, lugha inayokuruhusu kuunda vitu, na kila kitu kikawa na habari zake na kazi zake, kama mtu mwenye jina na tabia. Nadhani wakati huo hapakuwa na mtu mwingine Kisumu aliyeiandika lugha hiyo. Kama alikuwepo, hakujitokeza.

Kwanza nilitengeneza jedwali. Nukta arobaini na moja kwenda chini, arobaini na moja kwenda kulia. Penye njia naandika idadi ya vidole, pasipo na njia sifuri. Nilichapa karatasi ndefu, nikamtandazia mezani kwa majivuno. Alivaa miwani akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea.

"Hii sifuri ni ya nini?"

"Dunga na Mbita. Hakuna njia ya moja kwa moja."

"Na hii?"

"Hakuna."

"Na hii yote?"

"Hakuna, Mzee."

Alivua miwani. "Jasomo, umeandika watu wote ambao hawajuani. Karatasi imeisha na bado hujaanza kusema wanaojuana."

Nilikuwa nimefundishwa jambo hilo darasani. Mwalimu mmoja Mwingereza alitumia saa mbili kueleza kwa nini jedwali hupoteza nafasi kama njia ni chache, na kwamba ni afadhali kila nukta ibebe orodha fupi ya majirani wake tu. Nilikuwa na madaftari ya saa hizo mbili. Karani alifika hapo chai haijapoa. Nililichana jedwali, nikaunda klasi ya Bichi, yaani kiolezo cha kuundia vitu vya aina hiyo, na ndani ya kila Bichi nikaweka jina lake na orodha ya majirani.

"Jirani wa kwenda ama wa kurudi?" akauliza.

"Si ni yule yule?"

"Lori tupu linapanda pale penye mawe kabla ya Asembo. Lori lenye mbuta halipandi, linazunguka. Unafika kwa njia moja na unaondoka kwa nyingine. Hata mimi niliingia hii ofisi kwa mlango ule," na akaonyesha mlango wa mbele.

Basi nikaunda klasi ya pili, Njia, yenye mwanzo wake, mwisho wake, na vidole vyake. Njia ya kwenda ikawa kitu kimoja na ya kurudi kitu kingine. Siku hizo tulikaa bega kwa bega kuanzia asubuhi mpaka kengele ya saa kumi. Yeye akisema, mimi nikichapa, herufi za kijani zikijipanga kwenye skrini nyeusi. Nitasema jambo ambalo mtu wa hadhi yangu pengine hapaswi kulisema: tangu nirudi kutoka Uingereza, sikuwa nimezungumza na mtu kwa urefu namna hiyo. Ukirudi, waliobaki wanadhani kila neno lako ni majivuno, na wale mlioosha sahani pamoja wako ng'ambo ya bahari. Mama yangu aliniuliza kila jioni kama nimekula. Wenzangu wa utotoni waliniuliza kama nina koti la kuuza. Karani ndiye aliyeniuliza kwa nini mashine inaanza kuhesabu na sifuri.

Programu ilipokuwa tayari kutafuta njia, ilikataa kusimama. Niliiambia itoke Mamboleo itafute Usenge. Ikaenda Asembo, ikaenda Ndori, ikaenda Bondo, ikarudi Asembo, ikaenda Ndori tena. Majina yalitiririka kwenye skrini kama maji. Nilijua tatizo: inazunguka kwa sababu haikumbuki ilikopita. Nilikuwa nakuna kichwa, nikitafakari orodha ya pembeni ya kuhifadhi nukta zilizotembelewa, Karani akanigusa bega.

"Ulishawahi kutumwa kupeleka habari ya kifo?"

"Hapana."

"Unaenda nyumba kwa nyumba kwa watu wa marehemu. Hakuna mtu anakupa orodha. Ukikaribia boma usikie wanalia, huingii. Habari imefika. Unapita, unaenda kwa yule ambaye bado anachunga ng'ombe na kupiga mluzi."

Niliongeza ndani ya klasi ya Bichi sehemu moja ndogo, ndiyo au hapana, nikaiita *imelia*. Programu ikifika mahali inaandika ndiyo. Ikikuta ndiyo inapita. Nilipoiendesha tena ilisimama Usenge, kimya, na chini yake ikachapa vidole vitano. Karani aliigusa namba ile kwa kidole.

"Ni kweli," akasema. "Ni tano."

Mwezi wa majaribio ulianza, na wiki ya kwanza haikuisha salama. Mvua ilinyesha, njia ya kuingia Usenge ikakatika. Niliingia kwenye mashine nikaifunga Usenge. Asubuhi mashine ikalituma lori Usenge kupitia Bondo, kana kwamba sikuifunga. Lori lilizama kwenye tope mpaka ekseli. Barafu yote ikawa maji, na mbuta wa siku ile wakaozea bichi.

Yule dereva mnene alirudi amepakaa tope mpaka shingoni. Alisimama mlangoni kwetu. "Wenzangu," akasema, "diploma imelowa." Kiwanda kizima kilicheka. Meneja alinipa siku saba.

Nilimweleza Karani jinsi nilivyoiunda, si kwa kutarajia msaada bali kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumweleza. Alisikiliza huku akiangalia mikono yangu.

"Ndani ya Bondo umeweka Usenge?"

"Ndiyo, kama jirani."

"Usenge yenyewe?"

"Nakala yake. Kila bichi ina nakala za majirani wake."

"Na ile uliyoifunga juzi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona, lakini yeye aliona kabla yangu. "Basi umetundika picha ya jirani ukutani," akasema. "Picha haijui kama mwenyewe amefiwa."

Aliposema hivyo alishika kifungo cha juu cha shati lake akataka kukifunga, nacho kilikuwa kimefungwa. Alijua amejisema mwenyewe. Nakala nilizitupa zote. Ndani ya orodha za majirani sikuweka tena bichi, niliweka anwani ya mahali bichi ile moja ya kweli inapokaa ndani ya kumbukumbu ya mashine. Usenge ikawa moja tu, na wote walioijua wakaiangalia hiyo hiyo. Ukiifunga, imefungwa kwa wote. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Mwezi ukaanza upya, na ukaisha bila kosa hata moja.

Meneja aliniita. Walikuwepo mabwana wawili wenye suti kutoka makao makuu. Niliwaonyesha karatasi, nikaeleza klasi, nikaeleza orodha, nikaeleza anwani. Nilizungumza vizuri. Mmoja wao akauliza, "Hizi njia zote umezipata wapi?"

"Nimezikusanya mwenyewe," nikasema.

Meneja akauliza, "Na barabara zikibadilika? Tumbakize yule mzee awe anailisha mashine habari?"

Lilikuwa swali la wazi. Lilihitaji neno moja, na neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Nikaona mabwana wale wawili wakinitazama, nikawakumbuka wote waliosema sitaweza, nikaona kama nikisema ndiyo watasema ni mzee aliyeiweza, si mimi.

"Hakuna haja," nikasema. "Nitailisha mwenyewe."

Mchana ule Karani alikuja kwenye meza yangu. Hakukaa. "Andika," akasema. "Lile daraja la miti kwenye kijito kabla ya Usenge. Limeachia upande mmoja. Lori tupu litapita. Lenye mzigo lisipite." Niliandika. Akasimama mpaka akaliona kwenye skrini, kisha akaenda kwenye dawati lake. Mwisho wa mwezi aliondoka. Hapakuwa na soda wala hotuba. Walinzi wa geti walisema alitoka na kikombe chake cha kazini mkononi, bila mfuko, akaelekea Manyatta kwa miguu.

Programu yangu iliishi misimu miwili ya mvua. Ilikuwa programu nzuri, na nitamwonyesha yeyote msimbo wake, ninao kwenye diski mpaka leo. Ila barabara za kwetu zinahama, na kila njia iliyohama ilihitaji mtu wa kuisikia. Niliwauliza madereva, "Umekutana na nani?" Walinitazama kama mgonjwa. "Barabara iko sawa tu, bosi," wakasema, na kesho yake lori likalala tope. Mwishowe meneja aliweka karani mwingine, kijana mwenye ramani, na kompyuta ikawa ya kuchapia barua. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilifungua chuo changu cha kompyuta mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na kinajaa kila muhula. Nikifundisha grafu natumia bichi. Wanafunzi wanapenda sana ile habari ya nyumba inayolia. Huniuliza niliipata wapi, nami huwaambia ni mambo ya kwetu.

Hata hivyo niliendelea kuona kiti kitupu kila mahali. Nilikuwa na walimu wanne chini yangu na sikuwa na mtu wa kukaa naye mbele ya skrini. Mwishoni mwa miaka ile ya tisini, siku moja ya Jumamosi, nilikwenda Usenge. Niliweka bahasha mfukoni, yenye kiasi ambacho nisingeona haya kukitaja, lakini sitakitaja.

Sikuhitaji kuuliza mara mbili. "Karani wa barafu?" akasema mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena kwenye nyavu za kukaushia. "Nyumba ile ya mabati mapya. Lakini harakisha, leo anazunguka."

Nyumba ilikuwa ndogo, ya udongo, safi, ya vyumba viwili. Alikuwa uani akipakia vitu kwenye wilbaro: ngazi, nguzo mbili, jembe, mkebe wa misumari, sufuria kubwa, na vitu vingine vidogo vidogo. Kwapani alishika kuku. Alikuwa amekonda zaidi, na shati lilikuwa jeupe.

"Jasomo," akasema, kana kwamba nilitoka jana. "Umekuja siku mbaya. Leo narudisha vitu vya watu."

Aliniambia habari yote tukiwa njiani, mimi nikisukuma wilbaro. Alirudi bila malipo yoyote, akajenga kwa kuazima. Nguzo kwa huyu, misumari kwa yule, ngazi kwa mwingine, sufuria ya kuwapikia waliokuja kukandika, na kuku wa kuweka ndani ya sufuria. Miaka yote ile hakuwahi kubisha mlango wa mtu, na sasa alilazimika kubisha kumi na mitatu. Alipoweza, alinunua vitu vipya badala ya vile vilivyotumika au kuharibika, na leo alikuwa anamaliza. Alikuwa amepanga mzunguko: hatukupita mlango mmoja mara mbili, na vitu vizito vilitoka kwanza.

Kila nyumba ilikuwa namna ile ile. "Karani, si ungekaa nayo tu? Sisi hatuitumii hiyo ngazi." "Hapana, ni yenu." "Basi kaa, unywe uji." Na yeye, nilishangaa, alikaa. Alikunywa uji nyumba ya tatu, akanywa tena nyumba ya sita. Alijua majina ya watoto. Walimtania kwa sababu ya shati lake, na akawajibu.

Kati ya nyumba ya tisa na ya kumi nilisimamisha wilbaro. "Mzee, siku ile kwa meneja..."

"Mlango ulikuwa wazi, Jasomo."

"Ulisikia?"

"Ulisema vizuri. Sauti nzuri, Kizungu safi."

"Na bado ulikuja kuniambia habari ya daraja."

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nilimwona akinishangaa. "Dereva alikuwa apite pale kesho yake na mbuta," akasema. "Yeye alikuwa amekosa nini?"

Akatembea. Nikasukuma.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mjane, mwenye kuku na mwenye wilbaro yenyewe. Alimpokea kuku yule kwa mikono miwili, akampima uzito. "Karani, huyu ni mkubwa. Wangu alikuwa kifaranga cha juzi."

"Wako angekuwa amekua," Karani akasema.

Mama yule alicheka, akafunga kuku mguu, akaegesha wilbaro ukutani. Alituombea safari njema. Tukarudi kwa miguu, mikono mitupu, jua likiwa bado juu ya maji. Nilitarajia atasema anashukuru Mungu, kwamba sasa hadaiwi na mtu. Alitembea mpaka uani kwake. Pale palipokuwa na vitu vya watu palibaki alama za ngazi kwenye vumbi.

"Walikuwa wakipita," akasema. "Kila jioni mmoja. Karani, ngazi iko salama? Karani, sufuria yangu haijatoboka? Walijua iko salama. Kesho watasema nini wakitaka kupita?"

Nilitia mkono mfukoni. Niliishika bahasha, nikaanza ile hotuba niliyoiandaa tangu Mamboleo, kwamba ziko njia za nukta arobaini na moja alizonipa na mimi sikuwahi kumpa kitu. Alitazama mkono wangu ndani ya mfuko.

"Kwa hiyo wewe ndiye ninayekudai," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Ni wewe peke yako sasa."

"Ndiyo."

Alinyoosha mkono, akaushika wangu juu ya kitambaa cha koti, akauzuia pale pale ulipokuwa.

"Basi usilipe," akasema.